Dawa ya Chambo ya Sisimizi: Inafaa Dodoma, Ikiwekwa kwa Saa Yake

Dawa hii ya chembechembe, niliyoinunua katika duka la pembejeo jijini Dodoma, huua polepole, na huo ndio ubora wake mkuu, kwa kuwa sisimizi huibeba hadi shimoni na kumlisha malkia kabla sumu haijawamaliza. Kasoro iko kwenye maelekezo, yanayoruhusu iwekwe saa yoyote. Oktoba na Novemba, ardhi yetu inapochomwa na jua la mchana, sisimizi wengi hubaki chini na kutoka asubuhi, jioni au usiku, hivyo chambo cha saa sita hukauka bila kuguswa. Niliyoiweka jua likizama ilibebwa yote. Mvua za Desemba zikianza, isiachwe wazi, kwani chembe zilizolowa hazibebwi. Naipendekeza hasa kwa wanaohifadhi mtama na karanga.