Visa vya ligi vya michezo ya kuigiza: kipi ununue kwanza, kipi usubiri, kipi uache

Mtu akikushauri uanze na kitabu kinene cha kampeni ili kuendesha Dungeons & Dragons au Pathfinder, yaani michezo ya mezani ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwendeshaji mmoja husimulia hadithi, muulize yeye amemaliza vingapi. Mimi ninavyo vinne rafuni, na kilichofika mwisho ni kimoja. Visa vya ligi, yaani hadithi fupi za kuchezwa kikao kimoja katika mpango wa pamoja wa wachezaji wa meza nyingi, ni habari nyingine. Viliandikwa kwa ajili ya meza yenye watu wasiojuana, mwendeshaji aliyesoma jana usiku, na masaa manne tu kabla ya meza kutakiwa na kundi linalofuata. Masaa yakiisha, kisa nacho kimeisha. Kwa kikundi chenye kazi, watoto na visingizio, hicho ndicho cha kutafuta.

Wengi hawavigusi kwa kudhani ni mali ya wanachama. Zamani ilikuwa hivyo kweli. RPGA, chama cha wachezaji kilichoanzishwa mwaka 1980 na TSR, kampuni iliyotoa D&D, kiliendesha kampeni za pamoja kama Living City, na baadaye Living Greyhawk kati ya 2000 na 2008. Visa viligawiwa kwa walioandaa meza rasmi, na kampeni ilipofungwa vikaondolewa. Siku hizi hakuna anayekuuliza kadi. Unalipa, unapakua PDF, unacheza sebuleni kwako, na humpelekei mtu yeyote matokeo.

Nafasi ya kwanza nawapa Pathfinder Society, ligi ya Pathfinder, tena bila kusita. Paizo, wachapishaji wa mchezo huo, waliianzisha 2008 na visa vyake vimekuwa vikiuzwa kimoja kimoja kwa yeyote anayetaka. Kinachowapa ushindi ni kwamba kanuni za mchezo, pamoja na takwimu za mazimwi, ziko bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys, na wahusika waliokwisha tengenezwa wanapakuliwa bure. Kwa hiyo fedha yako inakwenda kwenye kisa chenyewe.

Ukifungua kisa cha toleo la pili cha wahusika wa ngazi (kiwango cha nguvu) ya 1 hadi 4, tazama pambano la kwanza tu. Utakuta limeandikwa mara mbili, la wanyonge na la wenye nguvu. Kila mchezaji analeta pointi kulingana na ngazi yake: wa ngazi ya 1 ana pointi 2, wa ngazi ya 4 ana 6. Unajumlisha za meza nzima, unatazama kisanduku, nacho kinakuambia uongeze zimwi moja au uwapandishie uhai waliopo. Hata mchezaji wa sita akiibuka bila taarifa, hesabu haikuchukui hata dakika mbili. Vitabu vikubwa vya kampeni mara nyingi hukuachia kazi hiyo uifanye mwenyewe.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ramani. Visa vingi hutumia Flip-Mat, zile ramani za kukunja zinazofutika, ambazo huuzwa kando; ndani ya PDF unapata picha ndogo isiyotosha kusimamishia vinyago vya wahusika. Soma maelezo ya bidhaa kabla ya kulipa, usije ukajikuta umenunua kisa halafu ramani ikakugharimu zaidi ya kisa. Mimi huzichora kwa kalamu nene nyuma ya kalenda ya ukutani iliyopitwa na wakati, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa kuhusu milango yangu iliyopinda. Mtego wa pili ni toleo. Toleo la pili lilikuja 2019, lakini visa vya toleo la kwanza bado vinauzwa, na namba zinagongana: kuna 2-01 ya toleo la kwanza na 2-01 ya toleo la pili. Ni mchezo ulio tofauti kabisa. Tazama jalada.

Ya pili ni D&D Adventurers League, ligi ya D&D. Ilizaliwa 2014 pamoja na toleo la tano la D&D, na mwanzoni visa vilipitia madukani; tangu 2016, duka la mtandaoni la Dungeon Masters Guild lilipofunguliwa, mtu yeyote ananunua. Vingi ni vya masaa mawili au manne. Ngazi zimegawanywa makundi manne: 1 hadi 4, 5 hadi 10, 11 hadi 16, na 17 hadi 20. Kwa kundi jipya usitoke nje ya lile la kwanza, hata jalada la joka likikuvutia namna gani. Kisa cha kwanza kabisa, DDEX1-1, ni vipande vitano vya saa moja moja, na kwa jioni ya kujaribu sijaona kinachokizidi kwa upande huu.

Mbona basi ni ya pili? Ubora wake unapanda na kushuka. Vyenye alama ya CCC viliandaliwa na waandaaji wa matamasha. Humo utapata lulu, na humo utapata kurasa za maelezo ambayo wachezaji hawatayasikia kamwe. Fungua kurasa za mfano zinazotolewa bure. Kama muhtasari wa mwendeshaji haukuelezi ndani ya ukurasa mmoja nani anataka nini na kwa nini leo, rudi kwenye orodha. Usiogope kwamba kanuni zilifanyiwa marekebisho 2024. Visa vya awali vinachezeka kwa kubadilisha mambo machache.

Starfinder Society, ligi ya Starfinder, mchezo mwingine wa Paizo, iliyoanza 2017, ni kwa wanaopenda vyombo vya anga. Toleo la pili la Starfinder, la 2025, linaingiliana na Pathfinder toleo la pili, la zamani haliingiliani. Kama hujaamua, subiri.

Na kama hutaki kulipa chochote kwanza, upo sahihi. Free RPG Day, siku ya kugawa michezo ya aina hii bure, ipo tangu 2007, na Paizo huviweka visa vyao vya siku hiyo bure mtandaoni. Kuna vile ambavyo wachezaji wenyewe ni magoblini, vijizimwi vidogo vya fujo, na watu wazima wenye heshima zao hugeuka watoto ndani ya robo saa. Kwa fedha kidogo zipo pia Bounty za Pathfinder, visa vifupi vya saa moja hivi.

Vifurushi vya msimu mzima naviweka mwisho. Nilinunua kimoja chenye visa kumi na viwili wakati wa punguzo, nikaendesha vitatu. Vingine vinategemea hadithi ya msimu ambayo wachezaji wangu hawaijui wala hawaitaki.

Visa maalumu vya meza nyingi usinunue hata vikiuzwa. Vimetungwa kwa ukumbi ambapo meza kumi au ishirini zinacheza kwa pamoja na ushindi wa meza moja unabadilisha hali ya nyingine. Ukiwa na watu watano utabaki ukisoma matangazo ya ushindi wa meza ambazo hazipo.

Na anayekuuzia PDF "iliyotumika" kwa nusu bei, mwache. Faili za Paizo hubeba jina la mnunuzi wa kwanza chini ya kila ukurasa, na huyo si wewe.