Cherehani inayoruka mishono, na siku 40 za kudai pesa yangu

Nashona kwa miaka 19 sasa, na duka hili nalipatia nyota mbili kati ya tano. Zote mbili ni za mtu mmoja, binti wa kaunta. Nitamfikia.

Nilinunua cherehani ya umeme, mpya, imefungwa kwenye boksi lake, ina waranti ya mwaka mmoja. Siku mbili za mwanzo nilishonea kitambaa chepesi cha pamba, haikunisumbua. Siku ya tatu nikaweka pindo la pazia zito, na hapo ikaanza kuruka. Mishono minne inashika, wa tano unapita patupu, mitatu inashika, mmoja patupu. Ukilivuta pindo kwa vidole, linaachia lote kama zipu.

Kabla sijailaumu mashine nilijikagua mwenyewe, na nawasihi wenzangu mfanye hivyo, maana swali la kwanza dukani litakuwa "umeitumiaje?" Mara nyingi cherehani ikiruka, kosa ni la sindano: imekuwa butu, imepinda, imeingizwa kinyume, au ni nyembamba kuliko kazi. Nikaweka sindano mpya namba 14, kisha 16. Nikatunga uzi upya mguu wa kukandamizia ukiwa juu, kwa sababu ukiwa chini uzi hauingii vizuri kwenye visahani vya kukazia. Nikabadili uzi wenyewe, nikasafisha vumbi chini ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Bado inaruka.

Basi nikafungua bamba la sindano, nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Sindano inashuka, inafika mwisho, inaanza kupanda, na uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu. Ni wakati huo huo ncha ya ndoana ya chini inatakiwa ipite na kukibeba hicho kitanzi. Kwenye cherehani yangu ndoana ilifika imechelewa, kitanzi kimeshavutwa juu. Kuoana huko kwa sindano na ndoana mafundi wanakuita taimingi. Mashine ya siku tatu haitakiwi kuharibika taimingi kwa kushona pindo. Naamini ilitoka kiwandani hivyo. Nikachukua video ya sekunde 40.

Siku ya tano nikairudisha. Binti wa kaunta aliitazama video, akaniomba kipande cha kitambaa, akashona yeye mwenyewe pale pale. Ikaruka mbele ya macho yake. Akaandika nyuma ya risiti: "Imejaribiwa mbele ya mteja, inaruka mishono." Akaweka tarehe na sahihi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na bila maandishi yale ningekuwa bado nabishana.

Meneja alipokuja, alinionyesha maandishi ya chini kwenye risiti. "Mama, soma hapa. Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Nataka nikae kidogo kwenye sentensi hiyo, kwa sababu imewanyamazisha watu wengi wenye haki yao. Kama nimechagua cherehani nyeupe dukani, nikafika nyumbani nikatamani nyeusi, sheria nyingi hazimlazimishi muuzaji anirudishie pesa. Akikubali, amenifanyia wema. Kitu kibovu ni habari nyingine kabisa. Nililipia cherehani inayoshona na sikupewa cherehani inayoshona, kwa hiyo ninachodai ni changu. Australia, duka kubandika tangazo la kwamba halirudishi pesa kwa hali yoyote ni kosa kisheria. Uingereza, sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukikataa kitu kibovu na kurudishiwa pesa yote. Nchi za Umoja wa Ulaya zinambana muuzaji kwa kasoro zinazojitokeza ndani ya miaka 2. Kenya imeliweka kwenye katiba yenyewe, ya mwaka 2010, ibara ya 46: mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Wino mdogo chini ya risiti hauna nguvu ya kufuta sheria ya nchi, hata kama meneja anausoma kwa sauti kubwa.

Nilikubali waitengeneze. Hilo ndilo ninalojutia. Ilikaa kwao siku 12, ikarudi, ikashona wiki moja, kisha ikaanza tena kuruka, na safari hii mota ilitoa harufu ya kuungua. Niliporudi nikaambiwa nimeitumia vibaya, kitambaa ni kizito mno. Nikawaomba walete boksi. Ubavuni mwa boksi kuna picha ya cherehani hiyo hiyo ikishona suruali ya jinsi. Meneja akanyamaza, kisha akanipa ofa ya vocha.

Nilikataa, na ningemshauri yeyote akatae. Vocha inakufunga ununue tena kwa watu wale wale walioshindwa kukupa kitu kizima, na mara nyingi ina tarehe ya kuisha. Afrika Kusini wana kanuni ninayoipenda hapa: ndani ya miezi 6 mnunuzi ndiye anayechagua kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na kitu kikitengenezwa kisha kikaharibika tena ndani ya miezi 3, muuzaji lazima abadilishe au arudishe pesa. Fundi wa duka hapewi nafasi ya tatu na ya nne huku siku zako za waranti zinayeyuka.

Nikaacha maneno ya mdomo, nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Nilichonunua na lini. Kasoro ni ipi. Ilipelekwa kwa fundi mara ngapi na ilikaa siku ngapi. Ninachotaka: pesa yote, kwa njia ile ile niliyolipia, ndani ya siku 14. Nisipojibiwa naipeleka kwa mamlaka ya kulinda watumiaji, na naiomba benki iyapinge malipo ya kadi. Nikaambatisha nakala ya risiti, pande zote mbili, nikabaki na nyaraka halisi. Kwenye kaunta nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Siku ya 13 baada ya barua pesa iliingia. Jumla, kuanzia kununua hadi kurudishiwa, ni siku 40. Mapazia ya mteja wangu niliyamalizia kwa cherehani yangu ya zamani ya kukanyaga, usiku, kwa sababu nilikuwa nimeshamwahidi tarehe na yeye hahusiki na ugomvi wangu na duka.

Ukinunua hapo, wajaribishe mashine kwa kitambaa kizito kabla hujalipa. Ukikutana na yule binti, mwombe yeye akuhudumie. Nauli ya kuibeba cherehani kwenda na kurudi kwa fundi wao hawajanilipa. Nimewaandikia barua ya pili juu ya hiyo wiki iliyopita, nayo nimeigongesha muhuri.