TAHADHARI: Muuza filta za oili za Land Rover za zamani, yule wa "mzigo upo Moshi"

Wakuu, habari za leo. Wenye Land Rover za zamani hapa Arusha na Moshi, hasa Series II na III zenye injini ya petroli ya lita 2.25, someni hii kabla hamjatuma hela. Nimepigwa 120,000, na injini imeponea chupuchupu.

Shida yetu mnaijua. Filta ya injini hii si ile ya kopo unayoizungusha kwa mkono ukaitupa. Ni kichungi cha karatasi kinachokaa ndani ya bakuli la chuma, bakuli linashikwa na bolti moja ndefu, na juu yake kuna pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje. Series III iliacha kutengenezwa 1985. Maduka ya spea mjini yamejaa vitu vya Land Cruiser na Noah. Ukitaja Series, kijana wa kaunta anamwita mwenzake aje akuone. Na tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, watu wamekumbuka gari za wazee wao zilizolala mashambani, kwa hiyo kila mtu anatafuta kitu kilekile.

Jamaa ana picha safi: boksi lenye nembo, namba ya spea RTC3184, ambayo ndiyo yenyewe. Bei 60,000 kwa moja. Anasema duka lipo Moshi karibu na stendi, ila kila ukitaka kwenda yeye yuko Dar "anafuata mzigo". Nilipotuma hela, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. Akajibu, "Huyo ni shemeji yako, laini yangu ina shida kidogo." Nikacheka, nikabonyeza namba ya siri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo alipowazidi matapeli wengine: yeye hachukui hela akapotea. Mzigo unakuja kweli. Kesho yake jioni niliuchukua kwenye basi, maboksi mawili, kila kimoja ndani ya nailoni yake na pete yake. Ukishaushika mkononi unajiona mjanja, unamwandikia "asante kaka, Mungu akubariki". Nilimwandikia hivyo hivyo.

Kimoja nilikifunga mwenyewe nyumbani. Wiki ya pili naenda Moshi, nimefika Boma Ng'ombe, tapeti, vile vyuma vya kusukuma valvu, zinagonga kama mtu anatwanga karanga, na taa ya oili inakonyeza kila nikisimama. Nikavuta stiki ya kupimia oili: kavu. Chini ya gari kuna tone, na ubavu wote wa injini umelowa. Nikanunua oili hapo hapo, nikajaza, nikageuza kurudi Arusha taratibu, nikisimama kila baada ya kilomita chache kupima tena.

Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mzee aliyezifahamu gari hizi mimi sijazaliwa, alianza kwa kunishuku mimi. Kuna kosa la kawaida la kuacha pete ya zamani imeng'ang'ania kwenye mfereji wake, ukaweka mpya juu yake. Pete mbili haziwezi kuziba. Akashusha bakuli. Pete ilikuwa moja. Aliposhika kuivuta ikakatika, na pale ilipokatikia palikuwa na gundi. Ni utepe uliokatwa kwenye tyubu, ncha zikaunganishwa kuwa duara! Pete ya kiwandani haina kiungo popote.

Akakinusa kichungi. "Hiki kimeshaoga, mdogo wangu."

Tukakifungua cha pili, kile ambacho hakijaguswa bado. Kwa nje karatasi ni ya njano safi. Lakini ukitanua mikunjo kwa vidole, kule ndani kabisa kuna weusi mkavu ulioganda, na harufu ya petroli inapanda puani. Vile vifuniko vya bati vya juu na chini vimepuliziwa rangi; nilikwangua kwa ukucha, kutu ikatokea. Halafu tukakisimamisha kando ya kichungi changu cha zamani, kile nilichokitoa. Kipya ni kifupi, kimepungua kwa upana wa kidole cha mwisho. Yaani si cha Land Rover hata kidogo, ni cha injini nyingine, kimetumika, kimeoshwa, kimevalishwa boksi. Na kikiwa kifupi, springi ya chini haikibani, oili inapita pembeni bila kuchujwa na uchafu wote unakwenda kwenye beringi za krenki.

Nilipompigia akaniambia, "Kaka, hiyo injini yako imechoka, usisingizie filta." Baada ya hapo simpati tena.

Kwa hiyo msitupe kichungi cha zamani mpaka kipya kimesimama kando yake na kulingana urefu. Tanueni mikunjo. Zungusheni pete yote kwenye vidole kutafuta kiungo. Na kama mmeshabadilisha bakuli mkaweka adapta ya filta ya kopo, angalieni nyuzi za kukazia filta: za robo tatu ya inchi na za milimita 20 zinakaribiana mno, filta inaingia, inaonekana imekaza, halafu presha inaing'oa barabarani.

Kuna mtego mwingine, huu nimeugundua kwa bahati. Rafiki yangu ana Volkswagen Beetle, zile za mgongo wa kobe. Injini yake ya asili haina filta ya oili, ina wavu wa chuma tu chini. Akamuuliza jamaa kama anayo filta ya karatasi ya Beetle. Akajibiwa ndani ya dakika moja: "Ipo, OG, 55,000."

Jina lake sitaliandika, anayo mengi. Namba nimeituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na polisi nimeacha maelezo pamoja na kile kichungi kifupi. Ile pete ya tyubu imetundikwa kwa fundi ukutani.

Jana usiku tangazo limerudi. Jina jipya, namba mpya, bei imeshuka hadi 45,000, picha ni ileile. Safari hii nimeikuza nikaangalia nyuma ya boksi: kuna dirisha, na nje ya dirisha theluji imejaa mpaka kwenye kizingiti. Moshi, karibu na stendi.