Mashine ya makasia ya Concept2: kupiga tizi bila umeme

Nilinunua RowErg ya Concept2 iliyotumika baada ya kuchoshwa na tredimili za jimu, ambazo umeme ukikatika mnabaki mmesimama mnaangaliana. Hii haina waya wa kuchomeka ukutani. Ukivuta mpini, mnyororo unazungusha gurudumu lenye mapanga, na hewa ndiyo inayokukaba. Vuta kivivu, inalegea. Vuta kwa hasira, inakukazia. Hata skrini, ukiwa unavuta, inatumia umeme unaofuliwa na gurudumu hilo hilo. Betri zake mbili kubwa zinabaki na kazi ndogo ya kuiwasha na kuiweka hai ukipumzika, kwa hiyo haziishi ovyo.

Walioibuni ni ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker wa Vermont, Marekani, wapiga makasia wenyewe. Walipigilia baiskeli kwenye sakafu ya ghala, wakawa wanavuta ncha ya mnyororo wake. Toleo la kwanza likatoka 1981.

Raha yake, na adhabu yake, iko kwenye namba. Ukienda mita 500 kwa dakika 2, unatoa kama wati 203. Ukitaka kuzimaliza kwa dakika 1 na sekunde 45, unadaiwa kama wati 302. Umepunguza sekunde 15 tu, lakini nguvu imepanda kwa karibu nusu! Hewa ndivyo ilivyo: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa inakuwa mara nane. Ndiyo maana sekunde za mwisho mwisho zinauma kuliko zote, na hakuna mota ya kukubeba.

Pembeni ya gurudumu kuna kishikio chenye namba 1 hadi 10. Shemeji yangu, mtu wa vyuma, kila akija anakisukuma hadi 10, eti ndiyo mazoezi ya wanaume. Kile kinaamua tu hewa iingie kiasi gani. Skrini inapima jinsi gurudumu linavyopoteza kasi kila unaporudi mbele, ndipo inapiga hesabu, kwa hiyo wati 200 kwenye namba 4 ni zile zile wati 200 za namba 10. Mimi nakaa kwenye 4, nasukuma kwa miguu kwanza, mgongo unafuata, mikono mwisho. Shemeji anaanza na mikono, na kiuno kinamlilia.

Kasoro zipo. Inavuma, na ukiwa unakaa ghorofa ya kupanga, jirani wa chini atakujua. Ina urefu wa karibu mita 2.4, ingawa inagawanyika vipande viwili. Kiti kiko chini. Mama yangu mwenye magoti mabovu anakaa vizuri, kazi ni kumnyanyua. Muuzaji aliniapia kwamba haihitaji matunzo. Thubutu! Mnyororo unataka mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi, na kwa sisi wa Dar wenye hewa ya chumvi mimi siisubiri hiyo 50. Reli nayo ifutwe jasho, la sivyo kiti kinaanza kugomagoma.

Ukienda kutazama iliyotumika, vuta mpini mpaka mwisho kisha urudishe taratibu. Mnyororo ukining'inia badala ya kurudi wenyewe, mpira wa ndani umelegea, kwa hiyo punguza bei. Uliza pia kama skrini ni PM5, maana hiyo inaunganishwa na simu kwa bluetooth.