Geti valvu au boli valvu kwa hoteli ya pwani?

Kila hoteli inapojengwa Paje au Nungwi, Zanzibar, mafundi bomba hubishana jambo hili hili: valvu ya kukata maji iwe geti, yenye ulimi unaoshushwa kwa gurudumu, au boli, yenye tufe lenye tundu linalozungushwa kwa mkono wake wa chuma?

Kwa bei, bomba la inchi 1 au 2 boli haiumizi mfuko. Ukifika inchi 4 na kuendelea, geti ndiyo nafuu.

Kwenye kutegemeka ndipo penye maneno. Boli hufunga kwa robo mzunguko: bomba likipasuka chumbani, hata mhudumu anakata maji. Lakini ukiifunga kwa pupa pampu inasukuma, maji hugonga kwa kishindo na viungio huumia. Geti hufunga taratibu. Ila isiachwe nusu wazi ili kupunguza maji. Ulimi wake hutetemeka, hulika, mwisho haizibi tena. Na maji ya kisima yenye chumvi huigandisha ikikaa bila kuguswa. Chumvi hiyo hula hata shaba, kwa hiyo valvu yoyote utakayochagua, bora chuma cha pua cha daraja la 316.

Wakati wa kuiweka, boli iachie nafasi ya mkono wake kuzunguka. Utaziona zilizobanwa na ukuta, hazifiki hata nusu. Gurudumu la geti lisielekee chini, uchafu utatuama ndani. Zote mbili, shika spana pembe za upande ule unaokaza bomba, usije ukapinda kiwiliwili.

Vyumba vya wageni, boli. Laini kuu ya pampu, geti, mradi kuna mtu wa kuizungusha kila baada ya miezi michache. Kama hayupo, weka boli yenye gia, inayofunga taratibu, hata huko.