Mitego ya Panya Yenye Sensa Ghalani: Uzoefu Wangu Hapa Tanga

Nianze na hukumu, maana wengine mna haraka. Mitego ya panya yenye sensa inalifaa ghala la nafaka hapa Tanga, ila usiinunue ukidhani itaua panya wengi kuliko mtego wa chuma wa kawaida. Springi ni ileile na panya ni yuleyule. Unacholipia ni habari: panya kapita wapi, saa ngapi, na kama hiyo ni njia yake ya kila usiku au kapotea tu. Habari hizo usipozifanyia kazi kwa sementi na bati, umenunua kengele ya bei mbaya.

Seti niliyonayo ina vitu vitatu. Kuna masanduku ya plastiki ya kuweka chini, kila moja na mtego wa springi, swichi ya sumaku inayotuma ujumbe mtego ukifyatuka, na sensa inayohisi joto la mwili wa mnyama anayeingia. Kuna sensa ndogo zisizo na mtego, za kufunga juu kwenye kenchi. Halafu kuna kipokezi kimoja kinachokusanya ujumbe wote kwa mawimbi ya LoRa, redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo, na kuupeleka kwenye intaneti kwa laini ya simu ya kawaida. Bando haliliwi sana kwa sababu kila ujumbe ni herufi chache. Vifaa vya redio vinatakiwa viwe na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa hiyo dai karatasi kabla ya kulipa, hasa kwa vifaa vya kuletwa kwenye begi.

Idadi usiachie muuzaji aipange. Ghala la mita 40 kwa 20 lina mzunguko wa mita 120. Kwa panya wakubwa, sanduku moja kila mita 6 linatosha, yaani masanduku 20. Kila mlango mkubwa uongezee mawili, moja kila upande, kisha sensa 6 za juu. Ghala la milango miwili linafikia vifaa 30. Kama shida yako ni wale panya wadogo wa majumbani, hesabu hii haifai, kwa sababu hawaendi mbali na maskani yao. Kwao ni kila mita 2 hadi 3, na gharama inapanda mpaka inakosa maana. Hao watege kwa mitego ya kawaida, sensa ziweke kwenye kona chache tu.

Sanduku liguse ukuta, na matundu yake ya kuingilia yafuate ukuta, kwa sababu panya hukimbia akigusisha ndevu kwenye kitu. Hilo haliwezekani kama magunia yamebanwa hadi ukutani. Yawe juu ya chaga na mbali na ukuta nusu mita kwa uchache. Mita moja ni bora, mtu anapita na tochi bila kujipinda. Namba ya kila sanduku iandikwe pia ukutani kwa rangi. Makuli wakishusha mzigo husogeza kila kitu kilicho mbele yao, na sanduku namba 7 likikaa mahali pa namba 12, ramani nzima kwenye simu inasema uongo.

Siku za mwanzo, hadi wiki, weka chambo bila kutega springi. Panya wa mtaroni anaogopa kitu kigeni, na akinusurika mtego siku ya kwanza hatarudi kwenye sanduku lile. Mtego usio na sensa hapa unakuacha gizani, hujui kama ameshazoea. Huu unakuonyesha ziara za kila usiku, na ziara zikijirudia kwenye sanduku lilelile usiku mbili tatu mfululizo, ndipo unatega.

Chambo wanachokielekeza kwenye kijitabu ni siagi ya karanga. Kwa unyevu wa Tanga inaota ukungu upesi, na kabla ya hapo sisimizi wameshaifikia. Tena panya wa ghala la mahindi ameshiba wanga. Anachokitafuta ni maji na kitoweo. Kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi kwenye kikanyagio kinafanya kazi vizuri, maana lazima akivute. Wakati wa kiangazi kipande cha nazi mbichi cha ukubwa wa punje ya haragwe kinashinda vyote. Kikiwa kikubwa zaidi ya hapo anakigugunia pembeni na mtego haufyatuki.

Sasa mawimbi. Wauzaji wanapenda kutaja kilomita, na kweli LoRa inafika mbali kwenye uwazi. Ndani ya ghala la kuta za bati lililojaa magunia ni habari nyingine: bati linarudisha mawimbi, na nafaka inayameza kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Kipokezi kifungwe juu, usawa wa linta au zaidi, katikati ya ukuta mrefu, antena isiguse chuma. Jaribu mawimbi ghala likiwa limejaa, si likiwa tupu. Kwenye programu angalia nguvu ya mawimbi ya kila kifaa. Ikishuka chini ya -115 dBm (dBm ndicho kipimo chake, na -120 ni dhaifu kuliko -115), hamisha kipokezi au ongeza cha pili. Usiridhike kwamba ujumbe bado unafika. Kifaa chenye mawimbi dhaifu hutuma polepole zaidi ili kisikike, na kutuma polepole kunakula betri. Ndiyo sababu kati ya masanduku mawili yaliyowekwa siku moja, moja linamaliza betri mapema mno na jingine bado lina nguvu.

Betri zenyewe ni za lithiamu za volti 3.6, umbo sawasawa na betri ya redio ya volti 1.5. Mtu asiyejua ataenda dukani akaweka za redio, kifaa kitakaa kimya, kisha lawama zitupiwe kampuni. Bandika karatasi ndani ya kifuniko. Kipokezi nacho kipe betri ya akiba, maana umeme ukikatika usiku unapoteza saa zilezile ambazo panya wanatembea.

Hewa ya bahari inashambulia vituo vya betri, yaani vile vyuma vinavyoigusa, utaona kutu ya kijani. Ukipaka mafuta ya mgando kidogo sana kabla ya kufunga, tatizo linapungua. Vumbi la pumba na unga hufunika jicho la sensa, kwa hiyo lifutwe kila wiki kwa kitambaa kikavu. Joto ni suala gumu zaidi. Sensa hizi huona tofauti kati ya mwili wa mnyama na kilicho nyuma yake. Januari na Februari, chini ya bati, kenchi zinakuwa na joto linalokaribia la mwili wa panya, na sensa za juu zinapofuka hadi bati lipoe. Kimya cha magharibi huko juu miezi hiyo usikiamini. Za sakafuni hazina shida hiyo sana.

Saa pia ikague. Programu yangu ilikuja na saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Ujumbe ulioandikwa 22:00 maana yake ni saa 7 usiku hapa, na ukiusoma vibaya utamlaumu mlinzi wa zamu isiyo yake.

Jambo ambalo nalalamikia kweli ni hili: kijitabu hakisemi neno kuhusu kufukiza. Vidonge vya alumini fosfidi, ambavyo maghala mengi hutumia kwa ajili ya fukusi na dumuzi, hutoa gesi ya fosfini, na fosfini hula shaba. Nyaya nyembamba na vituo vya ndani ya kifaa vinageuka vyeusi, na kwenye unyevu na chumvi kama yetu kasi inaongezeka. Kifaa hakifi siku hiyo. Kinaanza kutuma ujumbe wa ajabu ajabu wiki kadhaa baadaye, na hakuna anayekumbuka kufukiza. Kwa hiyo kabla mafundi wa kufukiza hawajaanza, toa sensa zote na kipokezi nje ya ghala. Virudishwe baada ya ghala kupitishwa hewa na wao kupima na kuthibitisha kuwa gesi imeisha.

Lakini hapohapo ndipo mfumo huu unapolipa. Ghala zima likifukizwa, panya waliokuwa ndani wamekufa. Kila anayeonekana usiku wa kwanza na wa pili baada ya hapo ametoka nje, kwa hiyo sanduku la kwanza kutoa ujumbe ndilo lililo karibu na tundu. Siku nyingine zote una mchanganyiko wa wenyeji na wageni na ramani inakuwa na fujo. Panga fundi muashi awepo wiki hiyo, si mwezi ujao.

Na tundu lenyewe huwa dogo kuliko unavyotarajia. Panya mdogo anapita penye milimita 6, mkubwa penye milimita 12 hivi. Ukiona ujumbe wa sanduku la mlangoni mara tu giza linapoingia, lala chini uangalie mwanga unaopenya chini ya mlango: raba iliyotafunwa upande mmoja, yenye alama mbili mbili za meno, na weusi wa mafuta ya manyoya kwenye zege. Hapo raba nyingine haitasaidia. Piga bati nene la sentimita 30 kwenda juu, na uwazi wa chini usifike milimita 6. Ujumbe ukitoka sensa za juu, tazama pale migongo ya bati la paa inapokutana na ukuta. Kila bonde ni mlango. Ziba kwa zege au wavu wa chuma wa matundu madogo, kata matawi ya mwembe na makuti yanayokaribia paa. Stilwaya iliyosokotwa kwenye tundu la bomba ni nzuri ikiwa imechanganywa na sementi. Peke yake inaisha kwa kutu.

Kuhusu sumu, sijaitupa kabisa, ila imebaki silaha ya mwisho na iwe iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Sumu za kuzuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuua, panya anakufia ndani ya dari au katikati ya magunia. Zile kali kama brodifakumu hukaa kwenye ini lake muda mrefu, na paka au bundi anayemla naye anaathirika. Bundi tunamfukuza kwa mawe, ilhali ni mtegaji asiyedai ada ya mwezi.

Ujumbe wa papo hapo una faida nyingine ambayo kwenye nchi za baridi hawaioni sana. Mzoga hapa unaoza kwa siku moja, na viroboto huuacha mwili unapopoa wakatafuta mwenyeji mwingine. Mkoa huu unaujua huo mchezo: tauni ilisumbua Lushoto tangu mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Vaa glovu, pulizia dawa ya viroboto kwenye sanduku kabla ya kulifungua, fukia mzoga. Mkojo wa panya nao ndio unaoeneza homa ya mgunda iliyotikisa Lindi mwaka 2022, kwa hiyo sakafu ya pale ipigwe maji ya klorini kabla ya kufagia, isifagiliwe kavu.

Kwenye malipo, kifaa chenyewe si kinachouma. Ada ya mwezi ya kila kifaa ndiyo inayouma, maana haina mwisho. Ulizia kama ukiacha kulipa kifaa kinaendelea kukuonyesha ujumbe au kinazimika, na kama unaweza kupakua kumbukumbu zako zote kwenye jedwali. Wakaguzi wa wanunuzi wakubwa wanapenda kumbukumbu hizo, lakini bado watataka kuona daftari lenye saini ya mtu aliyezunguka na tochi. Ule mzunguko wa kila wiki hauondoki, unafupika tu.

Mwenye duka la rejareja Ngamiani au stoo ya magunia hamsini asijisumbue. Unga wa ngano uliosambazwa kidogo sakafuni jioni utamwonyesha nyayo asubuhi bila bando. Mimi mwenyewe huo unga bado nautumia kukagua sensa: nyayo zikiwepo na simu ikiwa kimya, sanduku hilo linafunguliwa siku hiyohiyo.