Dodoso la PHQ-9 kwenye wodi ya mifupa: zuri, ila lisomwe swali kwa swali

PHQ-9 ni dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha): karatasi moja, maswali 9, dakika chache tu, halilipiwi wala haliombewi kibali. Kwa kumbaini mapema mgonjwa anayeanza kuingia kwenye sonona baada ya kufungwa vyuma au kuwekewa nyonga bandia, ni kifaa cha kushika. Tunalipatia nyota 4 kati ya 5.

Kila swali linauliza jambo fulani limemsumbua mgonjwa mara ngapi ndani ya wiki 2 zilizopita, naye hujibu kwa alama 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 5 dalili ni hafifu, 10 ni za wastani, 15 zimeanza kuwa nzito, 20 ni kali. Wengi huchukua hatua mgonjwa akifika 10, na kwenye wodi ya mifupa hapo ndipo penye mtego. Usingizi, uchovu, hamu ya kula na uzito wa mwendo ni maswali ya mwili, na mwili uliotoka kupasuliwa una sababu zake: maumivu ya usiku, upungufu wa damu, dawa kali za maumivu kama mofini au tramadol zinazoleta kichefuchefu na choo kigumu, mguu usioruhusiwa kukanyaga.

Chukua wagonjwa wawili. Wa kwanza ana 11: usingizi 3, uchovu 3, chakula 2, mwendo 2, umakini 1. Wa pili ana 9: kukosa raha ya mambo 3, huzuni na kukata tamaa 3, kujiona hafai 2, umakini 1. Ukifuata jumla utamkimbilia wa kwanza, ambaye pengine anahitaji dawa ya maumivu iliyopangwa vizuri na kipimo cha damu. Anayezama ni wa pili. Kwa hiyo anza na maswali mawili ya mwanzo, raha na huzuni. Yakifika 3 kwa pamoja, fuatilia hata kama jumla haijagonga 10.

Muda nao una kasoro. Ukimpa mgonjwa karatasi siku ya tatu baada ya upasuaji, wiki 2 anazoulizwa zimechanganya siku za kabla ya ajali, ajali yenyewe na usingizi wa dawa, jibu halieleweki. Kwa upasuaji uliopangwa, pima kabla, kisha wiki ya 2 wakati wa kutoa nyuzi, na wiki ya 6 kwenye kliniki ya picha ya eksirei. Hii ya wiki ya 6 isirukwe: wageni wamepungua, magongo yamechosha, na wengine ndiyo kwanza wanaambiwa wasubiri tena. Alama zikipanda au kushuka kwa 5, hayo ni mabadiliko ya kweli.

Karatasi yenyewe haikingi chochote. Kinga ni kinachofuata: dawa ya maumivu ya kumeza itolewe nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, mgonjwa aambiwe lengo la wiki hii badala ya "utapona tu", na kila siku awe na jambo moja dogo lenye saa yake (kuketi nje saa nne, kumenya mboga saa kumi), alifanye ana hamu au hana. Dawa za sonona si za kugawiwa kila mtu kama kinga. Zile za jamii ya SSRI (zinazoongeza serotonini, kemikali ya ubongo) huongeza hatari ya kutokwa damu zikikutana na dawa ya maumivu ya diclofenac au dawa za kuzuia damu kuganda, na zikichanganywa na tramadol zinaweza kuleta sumu ya serotonini, yaani serotonini kuzidi mwilini.

Mzee aliyevunjika nyonga akinyamaza ghafla na kusinzia mchana, usimpe dodoso kwanza. Huenda ni kuchanganyikiwa akili kwa sababu ya maambukizi, dawa au upungufu wa maji, na hilo ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Swali la 9, la kutamani kufa au kujiumiza, halijibiwi mbele ya ndugu, na ndugu asimjazie mgonjwa. Jibu lolote lisilo 0 linahitaji mtu wa kukaa naye siku hiyohiyo na kumuuliza waziwazi kama ana mpango na ana nyenzo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Droo ya kando ya kitanda ikaguliwe, maana vidonge vya maumivu vilivyolimbikizwa hukaa humo.